Alhamisi za Edmilson

"Rudia."

"Josivan, umenisikia."

"Nimekusikia, ndiyo. Nataka nikusikie tena huku unanitazama machoni. Rudia!"

Edmilson akaweka mkasi juu ya cherehani. Alikuwa anashona kiti cha lori, na kile kiti kilikuwa kimemsaidia sana kutomtazama mtu usoni. Sasa msaada ulikuwa umekwisha.

"Nitamchumbia Lindalva. Kwenye mkesha wa Mtakatifu Yohana, pale pale mtaani, kwa maikrofoni. Watu wote wanajua."

"Watu wote isipokuwa mimi."

"Si ndiyo nakwambia sasa?"

"Mkesha ni kesho, Edmilson! Kesho! Na kodiani nitapiga mimi! Ulitaka nijulie wapi, jukwaani?"

Edmilson akajikuna masharubu. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, fundi wa viti vya magari anayejulikana mji mzima wa Caruaru, na kila Juni yeye ndiye aliyeongoza ngoma ya mtaa kwa sauti yake nzito. Alikuwa ameoa, amezaa binti mmoja, ameachana. Tangu Januari alikuwa na Lindalva, mjane mwenye mkono wa baraka kwenye mapishi ya mahindi. Hayo yote yalikuwa mchana kweupe.

Halafu kulikuwa na Alhamisi. Kila Alhamisi, miaka tisa sasa, alifunga karakana mapema, akanunua mkate na jibini, akapanda mlimani kwa Josivan. Majirani walijua anakwenda kucheza dhumna. Dhumna gani hiyo inayomfanya mtu ateremke Ijumaa asubuhi akipiga mluzi, hakuna aliyeuliza.

"Sikiliza, bwana," Edmilson akasema kwa upole. "Hakuna kitakachobadilika. Alhamisi ni Alhamisi."

"Yaani ukishamwoa utaendelea kuja?"

"Kwa nini nisije?"

Josivan akacheka. Kicheko kile Edmilson hakukipenda hata kidogo.

"Na mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni rafiki yangu. Josivan, tusianze. Mimi si shoga. Unanijua. Nimeoa, nina mtoto, na Lindalva hajawahi kulalamika. Mashoga ni watu wengine, wana mambo yao, siwasemi vibaya. Mimi ni mwanaume wa kawaida, na mimi na wewe ni... ni mimi na wewe tu. Tena unajua mwenyewe mambo yetu yalivyo. Mwanaume pale ni mimi."

"Na mimi ni nani pale, kabati?"

"Usinigeuzie maneno."

"Nyumba ile ina wanaume wawili, Edmilson. Wawili! Wote wana masharubu!" Josivan akachukua kofia yake. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti ilikuwa imara. "Miaka tisa sijakuomba ujiite chochote. Jiite askofu ukitaka. Lakini hutanioa Alhamisi ukamwoa mwenzangu siku zilizobaki. Kuna bendi ya Petrolina inanitaka tangu Pasaka. Nilikuwa nawakatalia kwa ajili yako."

"Petrolina? Huko mbali kote?"

"Ndiyo uzuri wake."

Akatoka. Edmilson akarudi kwenye kiti cha lori, akashona mshono mzima ukaenda upande, akaufumua, akaushona tena upande.

* * *

Asubuhi ya mkesha simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Josivan:

"Nitapiga leo kwa sababu niliwaahidi watu wa mtaa. Begi nakuja nalo. Basi la Petrolina ni saa tatu usiku. Ufunguo wangu niachie kwa mzee Agripino wa ngoma."

Edmilson akaandika, "Usiende." Akafuta. Akaandika, "Tuzungumze kwanza." Akafuta. Akaandika kitu kirefu kilichoanza na "Mpenzi", akatazama kulia na kushoto kama mwizi, akafuta haraka. Mwishowe akatuma:

"Sawa."

Sawa! Mtu mzima, masharubu tele, mtu wake anamuaga, naye anaandika sawa! Akaitazama ile sawa kwenye simu. Akatamani kuivuta irudi, lakini alama mbili zilikuwa zimeshageuka buluu. Josivan ameisoma, na hakujibu.

Kabla hajapumua, simu ikaita. Lindalva.

"Edmilson, njoo hapa."

"Mpenzi, nafunga taa za jukwaa, baadaye—"

"Siyo baadaye. Sasa. Na uje peke yako."

Alimkuta uani nyuma ya nyumba, amesimama mbele ya sufuria kubwa la uji mzito wa mahindi na nazi, anakoroga kwa mwiko mrefu. Lindalva alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mfupi, imara. Hakumpa shavu abusu. Alimpa mwiko.

"Koroga. Usiache ushike chini. Mimi nitaongea."

Edmilson akakoroga.

"Jana nilipanda mlimani kwa Josivan," Lindalva akaanza. "Nilitaka kumwomba apige wimbo mzuri leo ukinitangaza. Nikamkuta analia, anapiga pasi. Shati lako la mirabaraba. Lile la leo."

"Ah, hilo... aliniambia yeye ana pasi nzuri—"

"Koroga, Edmilson! Alikuwa anapiga pasi kola. Akipitisha, anailainisha kwa kidole, anapitisha tena. Mimi nimekuwa mke wa mtu miaka kumi na minane, najua kola inavyopigwa pasi. Mwanaume hampigii hivyo mwenzake wa dhumna."

Edmilson akatokwa na jasho hadi kwenye masharubu.

"Lindalva, nakuapia, mimi si shoga."

"Nani kakuuliza?"

"Nakwambia tu. Mimi si wa hivyo."

"Mimi sijakuuliza wewe ni wa vipi. Nakuuliza Alhamisi unalala wapi."

Edmilson akakoroga kwa kasi. Uji ukatoa povu, ukapasuka, ukamrukia mkononi, wala hakuhisi.

"Marehemu mume wangu," Lindalva akasema, "hakuwa mlevi. Alikula kiapo kanisani kwamba yeye si mlevi. Walevi walikuwa wale wanaolala mtaroni. Yeye alikuwa anakunywa tu. Ijumaa anakunywa, Jumamosi anakunywa, Jumapili anauguza kichwa. Nikimwambia, ananijibu, 'Lindalva, mimi si mlevi.' Akafa na ini lake limeoza, si mlevi. Unadhani nina nguvu za kuzika mwingine wa namna hiyo?"

"Lakini mimi nakupenda, Lindalva."

"Najua unanipenda. Unanipenda kama watu wanavyopenda uji huu. Ukiwapo, raha. Usipokuwapo, mtu halii." Sauti yake ikapasuka kidogo, akaimeza. "Mimi nataka mtu atakayelia. Na yule kule mlimani alikuwa analia, Edmilson, mbele yangu, wala hakunisema vibaya. Hata neno moja hakusema. Kola ndiyo iliyosema."

"Sasa nifanye nini?"

"Mshika mbili moja humponyoka. Wewe unaelekea kuponyokwa na zote, kwa sababu mimi nimeshatoka mkononi. Leo ukinitaja kwenye maikrofoni, napanda jukwaani nakukataa mbele ya mtaa mzima, na sauti yangu unaijua."

Akamnyang'anya mwiko.

"Haya, nenda. Umeuacha uji ukashika chini."

* * *

Jua lilipozama, kila mlango ulikuwa na moto wake wa kuni mbele, na moshi ulitanda mtaa mzima. Bendera za karatasi zilipepea juu. Wanawake katika magauni ya maua, wanaume wenye suruali zilizotiwa viraka vya mapambo, kofia za ukindu, mahindi ya kuchoma, fataki zinalia pa! pa! pa! Jukwaani walikuwa watatu: mzee Agripino na ngoma, mdogo wake na pembetatu ya chuma, na Josivan na kodiani yake. Nyuma ya kiti cha Josivan kulikuwa na begi la kahawia.

Edmilson aliliona lile begi kabla hajamwona mwenyewe.

"Josivan," akanong'ona akipanda.

"Piga kazi. Watu wanasubiri."

Akashika maikrofoni. Jozi arobaini za wachezaji zikajipanga. Na Edmilson akiwa na maikrofoni, hata akiwa na jeneza kichwani, watu watacheza tu.

"Mabwana, wasalimuni mabibi! Njia ya shambani, twende! Oneni mvua hiyooo!"

Wachezaji wakapiga yowe, wakageuka kukimbia mvua. Mtaa mzima ukajibu kwa furaha:

"Ni uongoooo!"

Wakageuka tena, wakaendelea mbele. Ndiyo mchezo wenyewe: kiongozi anatia hofu, watu wanamkana, ngoma inaendelea.

"Oneni nyokaaa!"

"Ni uongoooo!"

"Daraja limevunjikaaa!"

"Ni uongoooo!"

Kodiani ilikuwa inalia kuliko miaka yote. Kila Edmilson alipogeuka, Josivan alikuwa ametazama vidole vyake mwenyewe.

Ikafika harusi ya mchezo. Bibi harusi mwaka huu alikuwa Taciana, binti yake Edmilson, na mto umefungwa tumboni kuonyesha kwamba bwana harusi ameshakula mbivu. Padri wa uongo akayumba na chupa yake, bwana harusi akajaribu kutoroka, polisi wa uongo wakamburuta kumrudisha, watu wakacheka hadi machozi. Halafu Taciana akapanda jukwaani na mto wake, akashika maikrofoni.

"Haya, ndugu wa mtaa! Harusi ya uongo imekwisha, sasa tuje ya kweli! Baba yangu ana tangazo!"

"Tangazo! Tangazo! Tangazo!" mtaa ukapiga makofi.

Edmilson akatazama chini. Lindalva alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya vyakula, mikono kiunoni. Alitikisa kichwa mara moja. Nyuma ya mgongo wake, Edmilson akasikia kodiani inaanza polepole wimbo wa uchumba. Josivan alikuwa anapiga. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa anampigia wimbo wa kumchumbia mtu mwingine, ili mambo yaishe, ashike begi lake aende.

Edmilson alijua akinyamaza sasa, atanyamaza maisha yake yote.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi na Lindalva hatuoani."

"Ni uongoooo!" mtaa ukaitikia, na wachezaji wote wakageuka nyuma.

"Ni kweli! Nina mtu mwingine! Miaka tisa!"

"Ni uongoooo!" Wakageuka mbele. Vicheko. Mtu akarusha fataki.

"Mtu mwenyewe ni Josivan!"

"NI UONGOOOO!" Hapo ndipo walipofurahi kweli. Wakageuka nyuma, wakageuka mbele, padri wa uongo akaanguka chini kwa kucheka. Miaka yote kwenye maikrofoni ile mzee huyu hajawahi kutoa hofu tamu kama hiyo.

Edmilson akachanganyikiwa. Ameishi akisema uongo, wote wanaamini. Leo anasema kweli mara moja tu, hakuna mwenye masikio!

"Jamani! Nisikilizeni! Nampenda! Nampenda huyu hapa!"

"Ni uo—"

Haikumalizika, kwa sababu kodiani ilinyamaza. Ilinyamaza katikati ya wimbo, kwa mlio mmoja mbaya, na Josivan akawa amesimama, mweupe kama unga wa mhogo. Wa mbele wakamwona uso. Wakawakanyaga wa nyuma kuwaambia nyamazeni. Mzee Agripino akaacha ngoma. Mtaa ule haujawahi kuwa kimya siku ya mkesha. Kuni tu zilikuwa zinapasuka.

"Basi kumbe," Biu wa buchani akapaza sauti, "kiongozi wetu wa ngoma ni shoga?"

Miaka tisa Edmilson alikuwa na jibu la swali hilo. Akalitafuta mdomoni, hakulikuta.

"Sijui, Biu," akasema. "Nikipata jina nitakuletea buchani ulipime. Ninachojua ni ninachofanya. Alhamisi nalala kwake. Akiumwa, nakesha mimi. Leo anaondoka na basi la saa tatu, na mimi tangu jana siwezi hata kushona mshono ulionyooka. Nimesema miaka yote mimi si wa hivyo. Sawa, huenda si wa hivyo. Lakini nimefanya hivyo miaka tisa, na sitaki kuacha."

"Mungu wangu," Biu akaguna. "Mwanaume mzima—"

"We Biu, funga mdomo!" Alikuwa mkewe. "Nikianza kusema mimi yale ya mjini Recife, wewe na yule binamu yako wa kambi ya jeshi, moto huu utazimika!"

Kicheko kilichoripuka hapo kilisikika mtaa wa pili. Biu akageuka mwekundu, akakumbuka ghafla kwamba ana nyama inaungua mahali fulani. Na Lindalva, machozi yakimtiririka na kidevu juu, akagonga sufuria kwa mwiko.

"Uji unapoa! Aliyekuja kula ale, aliyekuja kutazama watu alete kiti chake!"

Watu wakaanza kusogea, wengine wakinong'ona, wengine wakitema mate chini, wengine wakimtazama Edmilson kama wanamwona leo. Wapo waliochukua watoto wao wakaondoka. Edmilson aliwaona na iliuma.

Taciana alikuwa bado jukwaani. Akachomoa ule mto tumboni, akamrushia baba yake usoni, paa!

"Miaka tisa, baba! Namwita mjomba! Nimekula kwake kila Krismasi!"

"Mwanangu—"

"Usiniite mwanangu! Sijakasirika ni nani, nimekasirika umetufanya wote wajinga! Bi Lindalva je? Alikukosea nini yule mama wa watu?"

"Hakunikosea kitu. Nimemkosea mimi."

"Umemkosea, ndiyo!" Akapangusa pua kwa shela la harusi. Kisha akamgeukia Josivan, akamnyooshea kidole. "Na wewe! Jumapili nakuja kula. Nataka kukukuta mezani, una maswali mengi ya kujibu. Huendi Petrolina wala wapi kabla hujanijibu mimi!"

Akashuka, sketi mkononi, akaenda moja kwa moja kumkumbatia Lindalva.

Wakabaki wawili wakitazamana. Josivan akamsogelea.

"Nani alikutuma useme kwa maikrofoni, mpumbavu wewe?"

"Ulisema nikutazame machoni niseme."

"Mimi! Peke yangu! Karakanani! Sikukwambia ualike na padri!"

"Nilijaribu. Kwa simu niliandika 'mpenzi'."

"Uliandika sawa!"

"Nilifuta."

Josivan akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yanaruka, na Edmilson hakujua kama ni kilio au kicheko. Vilikuwa vyote viwili.

Mzee Agripino akakohoa.

"Samahani, wazee. Mimi na mdogo wangu mikono inakufa baridi hapa. Tunapiga au tunakunja?"

"Pigeni," Josivan akasema. Akavua kodiani, akailaza juu ya begi. "Pigeni taratibu, ile ya watu wawili."

Ngoma ikaanza chini chini, pembetatu ikafuata. Josivan akateremka hadi uwanjani mbele ya moto, akasimama, akanyoosha mkono.

"Njoo."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Umeshawaambia. Sasa unaona haya ya nini? Njoo tucheze."

Edmilson akashuka. Akafika, akapandisha mkono wa kushoto, akapeleka wa kulia kiunoni mwa Josivan, kama alivyomshika kila mtu aliyewahi kucheza naye tangu ujana. Josivan akamtoa ule mkono kiunoni, akaupandisha begani kwake.

"Leo naongoza mimi."

"Josivan, bwana... mimi sijawahi kuongozwa. Sijui."

"Najua hujui."

"Watu wanatazama."

"Watazame. Ukitaka kushika kiuno, maikrofoni ile pale, kawaambie ulikuwa utani. Watakuamini."

Edmilson akaitazama maikrofoni. Akamtazama Biu, aliyerudi kimyakimya na sahani ya uji. Akamtazama Josivan, masharubu kwa masharubu, karibu kuliko walivyowahi kukaribiana nje ya kile chumba cha mlimani. Akauacha mkono pale pale begani.

Wakaanza. Hatua ya kwanza akamkanyaga. Ya pili akamkanyaga tena.

"Aii! Legeza mwili!"

"Nimelegeza!"

"Umekakamaa kama mlango! Mbili huku, mbili kule. Nifuate."

Jozi moja ikaingia kucheza kando yao. Halafu nyingine. Saa ya kanisa ikapiga saa tatu, na Edmilson akasimama ghafla.

"Basi lako!"

"Nyamaza," Josivan akasema kwenye sikio lake, akamvuta arudi. "Umeshapoteza hesabu. Anza upya."

Naye kiongozi wa ngoma wa mtaa mzima, mwenye sauti inayogeuza jozi arobaini, akafumba macho akaanza kuhesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, akienda alikopelekwa.